Mdogo wangu ameanza methadoni, na nyumbani wanamhimiza aiache

SWALI

Assalaam aleikum, Bi. Mshauri.

Mimi ni mkaazi wa Malindi, mkubwa wa ndugu watano, na ninayekuandikia habari zake ni mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 27. Yeye ni fundi wa mashine za boti, tena fundi hodari, lakini kwa miaka kadhaa amekuwa mtumiaji wa unga, yaani heroini. Alianza kwa kuvuta na wenzake kule ufuoni, na mwaka jana tukaja kutambua kwamba amekwisha kufikia kujidunga sindano. Ameuza simu, ameuza spana zake zote, na mwisho akauza cherehani ya mama, na hilo la cherehani ndilo lililotufanya tuitane.

Kikao tulikifanya nyumbani baada ya sala ya Isha. Alikuwapo mama, alikuwapo ami yetu aliyetulea tangu baba alipofariki, mke wa huyu kijana, mzee mmoja jirani ambaye kila mtu mtaani humheshimu, na mimi. Tulikuwa tumekubaliana mapema nani atasema nini, na tulisema bila kumtukana. Mkewe alimwambia kwamba anarudi kwao na mtoto mpaka atakapoona mumewe ameingia kwenye matibabu. Mdogo wangu alilia, akakubali, na asubuhi yake nikapanda naye tuktuk hadi kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga.

Sasa yapata miezi miwili. Kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake, anakula vizuri na ameanza tena kuswali. Nilidhani taabu zimekwisha, kumbe zimebadilika sura tu. Ami anasema methadoni ni unga wa serikali, na kwamba hatukuketi usiku kucha ili kijana atoke ulevi mmoja aingie mwingine. Anataka aache kabla ya Ramadhani ili afunge kama watu, na baada ya Idi asafiri, kwa kuwa amemtafutia nafasi ya ufundi Qatar kupitia kwa wakala. Mama yuko upande wa ami, kwa sababu anaona haya watu wakimwona mwanawe amepanga foleni na mateja.

Mimi nami nimegeuka askari. Ninanusa nguo zake, ninamtazama mboni za macho, na akilala ninamfunua mikono nione kama kuna alama mpya. Mchana husinzia akiwa amekaa, na hutokwa jasho mpaka shati likalowa, nami sijui kama ni dawa au ni unga. Na wiki iliyopita, nilipokuwa nikifua suruali yake ya kazi, nilikuta mfukoni kipande cha ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kimekunjwa na kina alama nyeusi ya kuungua. Sijamwambia mtu. Nikimwambia ami, atamfukuza usiku huo huo. Nikinyamaza, naona kama ninamsaidia kuangamia.

Isitoshe, kila siku mama humpa shilingi 200 za nauli mkononi, na mkewe ananipigia simu kuniuliza kama wakati wa kurudi umefika. Naomba uniongoze.

Dada Mkubwa, Malindi

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu, na hongera kwa kuketi mkasema bila matusi, maana vikao vingi vya namna hiyo ninavyosimuliwa humalizika kwa mlango kubamizwa. Umeuliza mengi, na sitayajibu kwa mpangilio wako, kwa sababu moja kati ya hayo lina hatari ya uhai ndani yake, nalo ni la hiyo karatasi.

Karatasi iliyoungua haisemi iliungua lini. Suruali ya kazi ya fundi huweza kukaa pembeni miezi, na mfuko wake una mambo ya tangu zamani. Hata hivyo, tuchukulie kwamba ni ya juzi. Bado haina maana kwamba matibabu yameshindwa. Methadoni huanzishwa kwa dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30 siku ya kwanza, kisha huongezwa kidogo kidogo, kwa sababu ikiongezwa kwa pupa inaweza kumuua mgonjwa. Wengi hutulia wakifika kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, na kufika huko huweza kuchukua wiki nyingi. Kabla ya hapo, dozi ya asubuhi inaweza kuisha nguvu usiku, mifupa ikaanza kuuma, pua ikatiririka, tumbo likasokota, na arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, ikamwamsha saa tisa za usiku wakati nyinyi nyote mmelala. Huo ndio wakati kijana mwenye nia njema kabisa hutafuta kete ya unga ya kumfikisha asubuhi. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wako, anayepaswa kujua ni daktari wa kliniki, ili dozi iangaliwe upya, na hasira za ami hazitaongeza hata miligramu moja.

Kwa hiyo zungumza naye mkiwa wawili tu, akiwa ametoka kliniki na amekwisha kula, wala usimvizie alfajiri anapotaka kutoka. Usianze na neno “umenidanganya”. Mwambie: “Nimefua suruali yako nikakuta hii. Sijamwambia mtu. Nataka kujua jambo moja tu: je, dozi inakufikisha asubuhi?” Swali la namna hiyo linamwachia nafasi ya kusema kweli bila kuvuliwa nguo, na jibu lake, liwe lolote, litakufaa zaidi kuliko kukiri kwa kulazimishwa. Akikubali kwamba ametumia, mwombe yeye mwenyewe amweleze mshauri wake wa kliniki, nawe ujitolee kumsindikiza. Kwa kawaida kliniki za methadoni hazimfukuzi mgonjwa kwa sababu mkojo wake umeonyesha heroini, kwa kuwa wanajua kuteleza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wanachofanya ni kumwuliza, kumpima na kurekebisha dawa. Akikana, usibishane naye. Mwambie utamwuliza tena siku nyingine, kisha utimize.

Ami hana haja ya kuambiwa habari za karatasi. Najua unasikia vibaya kuficha, na ni kweli mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakusema mtu azalie sokoni. Siri inayomfikia mganga si siri mbaya. Iliyo mbaya ni ile unayoibeba peke yako huku ukikosa usingizi, na hiyo ndiyo ninayotaka uitue.

Sasa nieleze hatari niliyoitaja. Mwili unaotumia heroini kila siku hujenga uzoefu, yaani huweza kustahimili kiasi kikubwa, na uzoefu huo hupungua upesi mtu anapoacha kutumia, hata kwa wiki chache. Ndiyo maana walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha dozi ni wale waliotoka gerezani, waliotoka kwenye nyumba ya matibabu, au walioacha methadoni ghafla, wakarudi maskani, yaani kijiweni kwa watumiaji wenzao, wakatumia kiasi kile kile walichokuwa wakikimudu zamani. Aliye kwenye methadoni naye ana hatari yake, hasa akichanganya na heroini, pombe au vile vidonge vya usingizi ambavyo vijana huviita bugizi, kwa sababu vyote hivyo huupunguza upumuaji kwa pamoja.

Nyumba nzima inapaswa kuzijua dalili. Mtu amelala na ukimwita kwa jina lake na kumtikisa haamki. Anapumua polepole sana, au anakoroma kwa sauti nzito kama aliyejaa maji kooni. Midomo na kucha zimekuwa za buluu au za kijivu. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Usiseme “mwacheni alale, ataamka”. Mtikise, msugue kwa nguvu mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole, na asipoamka mtume mtu akatafute gari hapo hapo. Akiwa hapumui au anapumua kwa kukatizakatiza, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, umpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi. Akiwa anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Maziwa, maji ya chumvi na ndoo ya maji baridi, ambazo najua ndizo dawa za mtaani, hazisaidii chochote na zinaweza kumpalia. Hospitali kuna dawa iitwayo naloksoni ambayo humrudisha mtu ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko methadoni, kwa hiyo hata akikaa kitandani akataka kwenda nyumbani, msimruhusu mpaka wauguzi waseme. Nanyi waambieni kweli wauguzi juu ya kila alichokunywa au kuvuta. Uliza pia kliniki kama wanaweza kukufundisha wewe na mama jinsi ya kuitumia naloksoni, kwa kuwa mahali pengi hupewa hata jamaa wa mgonjwa.

Nije kwa ami. Simlaumu, kwa sababu neno lake la unga wa serikali limesemwa na wengi na lina mantiki yake kwa mtu anayetazama kwa nje. Methadoni ni kweli ni ya jamii moja na heroini, na ni kweli mwili huizoea. Tofauti iko katika namna inavyofanya kazi. Heroini hupanda kwa kishindo na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo sababu mtumiaji huishi akikimbizana na kete tatu au nne kwa siku, na kila kete ina bei yake, na bei hiyo ndiyo iliyoila cherehani. Methadoni hunywewa mara moja, hupanda taratibu, na dozi ikiwa imekaa sawa humshika mtu kwa muda wa saa 24 bila kumlewesha na bila arosto. Mtu wa namna hiyo anaweza kufungua mashine ya boti, akaifunga na zisibaki nati mkononi. Mwulize ami kwa adabu: tangu kijana aanze dawa hii, ni kitu gani kimepotea humo nyumbani?

Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Nchini Kenya ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mnamo Desemba 2014, na Malindi haikukaa sana, ikapata kliniki yake mwaka 2015, jambo lisilo la ajabu kwa mji ambao umekuwa ukizika vijana kwa ajili ya unga tangu miaka ya 1980. Ikiwa tatizo la ami ni dini, basi ajue kwamba Iran ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa methadoni, na kwamba Malaysia, mjini Kuala Lumpur, dawa hii iliwahi kutolewa ndani ya msikiti wenyewe kuanzia mwaka 2010, mgonjwa akanywa dozi na kukaa kusikiliza mawaidha. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Ninachopendekeza ni kwamba akitaka kumwuliza shekhe, aende na maelezo ya daktari mkononi, asiende na lile neno la unga wa serikali, kwa sababu jibu hufuata swali.

Kuhusu muda, nitasema bila kuzungukazunguka: miezi miwili si kitu. Wataalamu wa matibabu haya huzungumzia angalau miezi 12, na wengi huendelea kwa miaka. Kuacha kupo, lakini hufanywa kwa kupunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi, mgonjwa mwenyewe akitaka, na maisha yake yakiwa yamekwisha kupata mhimili. Akiikatisha ghafla ili kumfurahisha ami, arosto ya methadoni itaanza baada ya siku moja au mbili na huenda ikadumu wiki mbili au tatu, yaani muda mrefu zaidi kuliko ile ya heroini. Na hapo atakuwa hana dawa, hana uzoefu wa mwili, na wenzake wa maskani wako palepale. Ami anazijua boti, kwa hiyo mwambie kwa lugha yake: mashine iliyozama baharini haiwashwi papo hapo inapoopolewa na kupelekwa kasi mpaka mwisho; husafishwa chumvi kwa maji baridi, ikakaushwa, ikawashwa taratibu, na fundi akakaa karibu nayo kuisikiliza. Anayeiharakisha huiua yeye, wala si bahari.

Safari ya Qatar, kwa hiyo, isiwepo kwa sasa. Methadoni ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na mgonjwa mpya huinywa dirishani mbele ya muuguzi, hapewi ya kufungasha sandukuni. Kuingia nayo nchi za Ghuba bila idhini ni kujitafutia jela. Kumpeleka huko kuna maana ya kumkatishia dawa siku ya kupanda ndege, katika nchi ambayo hana mama, hana dada wala mshauri. Kama ami hajamlipa wakala, na asilipe. Kama amelipa, jaribuni kuokoa kinachookoka sasa, kabla tiketi haijakatwa. Namna nyepesi zaidi ya kulimaliza hili ni ami mwenyewe kuandamana na kijana siku moja hadi kliniki, kwa ridhaa ya kijana, akakaa na mshauri na kuuliza yote yaliyo moyoni mwake. Mwanamume wa makamo anayewalea watoto wa nduguye hapendi kufundishwa na binti aliyemlea. Akiyasikia kutoka kwa mganga itakuwa amepata habari, hakushindwa hoja.

Ramadhani ina njia yake. Kwa kuwa dozi ni moja kwa siku, kinachotakiwa ni kliniki kuulizwa mapema, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kama kuna utaratibu wa kunywa baada ya futari na jinsi ya kuusogeza muda huo bila kumwacha na pengo. Kusogeza huku kufanywe na wao. Asijikatishie dozi mwenyewe, asirukishe siku ili afunge, wala asinywe mbili kufidia. Na ikiwa mwaka huu haiwezekani, basi Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mama anaijua aya hiyo vizuri kuliko mimi, ila hajaona bado kwamba mwanawe ni mgonjwa, na nadhani hapo ndipo penye kazi yako kubwa kwake. Sijui kama utamwondolea haya ya foleni, lakini waweza kuanza kwa wewe mwenyewe kuliacha neno “mateja” ukiwa nyumbani. Foleni ile ina watoto wa watu waliochagua kuamka mapema.

Jasho na usingizi wa mchana vimekusumbua bure, na ninasikitika kwamba hakuna aliyekueleza. Methadoni humtoa mtu jasho jingi, na hilo linaweza kuendelea kwa muda mrefu hata mgonjwa akiwa hajagusa kitu kingine. Humfunga choo pia, kwa hiyo maji, papai na mboga visikosekane. Kusinzia hutokea hasa katika wiki za mwanzo na kila dozi inapoongezwa, na huzidi saa mbili hadi nne baada ya kunywa, wakati dawa iko kileleni. Akisinzia katikati ya sentensi, au ikawa vigumu kumwamsha, kliniki iambiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda dozi ni kubwa mno au kuna kidonge kingine ndani yake. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huimaliza methadoni mwilini haraka, mgonjwa akapata arosto akiwa anameza dozi ileile. Akiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili apimwe, na kila daktari atakayemwandikia dawa aambiwe kwamba yuko kwenye methadoni. Kwa kuwa alijidunga, apimwe pia virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C, ambayo siku hizi huponywa kwa vidonge vya takriban wiki 12, kama bado hajapimwa.

Baada ya kujua hayo, uache kumfunua mikono akiwa amelala. Nisamehe kwa ukali, lakini mtu akifumbua macho usiku akamkuta dada yake na tochi juu ya mkono wake, hujifunza kujificha vizuri zaidi, hajifunzi kuacha. Kliniki ina vipimo vya mkojo na kazi hiyo ni yao. Marekani, mtaalamu Robert Meyers na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico walitengeneza njia ya kuzifunza familia jinsi ya kuishi na mraibu: kuzungumza naye akiwa ametulia, kumtunuku siku njema, na kutomkinga na matokeo ya siku mbaya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, kwa familia za walevi wa pombe waliokataa tiba, asilimia 64 ya waliofunzwa hivyo walimfikisha mtu wao matibabuni, ilhali waliofunzwa njia ya kikao cha kumkabili mtu, kama chenu, walikuwa asilimia 30. Nyinyi mlifaulu kwa kikao, na alhamdulillahi. Lakini kikao hakiwezi kuwa maisha ya kila siku, na ninahofu kwamba nyumba yenu imebaki kikaoni tangu usiku ule.

Siku njema mnaitunukuje? Kwa vitu vidogo ambavyo unga ulimnyang'anya: kumwomba atengeneze pampu ya maji ya jirani, kumpikia mkate wa sinia anaoupenda bila kutaja kwa nini, kumtuma kumchukua mtoto wa dada yenu chuoni, kumketisha barazani na wazee wakati wa kahawa badala ya kunyamaza anapopita. Kazi nayo ni dawa, ila tazameni ni kazi gani. Asikubali kwenda na boti inayolala baharini siku nyingi, kwa sababu akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi, kliniki haitampa tena kiasi kilekile bila kumpima upya, na huenda akaanza karibu upya. Karakana ya nchi kavu inamfaa. Mkimnunulia spana, na nadhani ni vyema mkamnunulia chache, zikae kwa fundi anayefanya kazi naye, si chini ya kitanda chake.

Ile shilingi 200 ya mkononi ikome, bila hotuba. Mtafuteni dereva mmoja wa tuktuk au bodaboda mnayemwamini, mlipeni wenyewe kwa M-Pesa kila wiki, na kijana ajue kwamba nauli imekwisha kulipwa. Fedha taslimu mfukoni asubuhi, mtu akipita karibu na maskani, ni mtihani ambao hamna sababu ya kumpa kila siku. Mkubaliane naye mwenyewe, kwa kuwa wengi walio katika hali yake husema waziwazi kwamba hawataki kushika pesa kwa sasa.

Mke wake amekuuliza wewe, lakini uamuzi ni wake, na asirudi kwa kusukumwa na wakwe. Alitoa sharti, na sharti limetimizwa kwa sehemu. Angeweza kuanza kwa kuja na mtoto Ijumaa mchana na kurudi kwao jioni, huku akiona mambo yanavyokwenda, na naye akapimwe afya yake bila kungoja kurudi. Msimtumie mtoto kama zawadi ya kutolewa na kunyang'anywa kila dozi inapokosekana.

Nawe, mwanangu, huwezi kuwa mtu pekee wa nyumba hiyo anayejua kila kitu. Malindi ina bahati ya kuwa na watu waliozoea jambo hili: shirika la Omari Project limekuwa likiwashughulikia watumiaji wa heroini hapo tangu miaka ya 1990, na kuna waliopona wanaoweza kukaa na mdogo wako na kumwambia mambo ambayo wewe huwezi, kwa kuwa hujayapitia. Simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi, na huwahudumia jamaa za mraibu vilevile. Ukipiga, eleza kwamba mgonjwa wako yuko tayari kwenye methadoni na kwamba unachohitaji ni mshauri wa familia, wasije wakaanza kukueleza habari za kumpeleka matibabuni.